Mlango wa Shaba Kwenye Seli ya Hamira

Kwenye vihamba vya Kilimanjaro mbuni hukua chini ya mgomba, na mkulima anapopuliza dawa ya kopa, yaani shaba, kuzuia chole buni na kutu ya majani, mgomba nao hupata sehemu yake. Ndizi za mgomba huohuo huiva, huchemshwa, huachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Kesho yake pombe hiyo, mbege, inanywewa Soweto, Moshi mjini. Anayechachusha ni hamira, kiumbe wa seli moja wa jamii ya kuvu. Chole buni na kutu ya majani nazo ni kuvu. Shaba inayomuua mmoja humlisha mwingine, na tofauti iko kwenye kiasi.

Hamira haiwezi kuishi bila shaba. Huihitaji ili ipumue, na huihitaji hata kupata chuma, kwa sababu Fet3, protini inayosaidia kuingiza chuma, haifanyi kazi pasipo shaba. Ndiyo maana watafiti waliokuwa wakichunguza chuma nchini Marekani ndio walioigundua Ctr1, mlango wa shaba, mwaka 1994.

Shaba iliyomo kwenye dawa kama mrututu haipiti mlango huo kama ilivyo. Kwanza Fre1, protini iliyo kwenye utando wa seli, huipunguza chaji kutoka mbili hadi moja. Hapo Ctr1 huipitisha.

Sasa, nani anaamua ipite kiasi gani? Ndani ya kiini kuna protini iitwayo Mac1. Shaba ikipungua, Mac1 huwasha jeni za Ctr1 na Fre1, milango ikaongezeka. Shaba ikitosha, hunasa kwenye Mac1 yenyewe na kuizima. Ikizidi, milango iliyopo huondolewa kwenye utando na kuvunjwavunjwa, na protini nyingine, Ace1, huamuru itengenezwe Cup1, ambayo kazi yake ni kuikamata shaba na kuishikilia. Mimi naona huu ni ustadi wa ajabu: shaba yenyewe ndiyo inayotoa taarifa ya wingi wake.

Udhibiti huo mkali una sababu. Shaba iliyo huru huchochea kemikali zinazoharibu mafuta na protini za seli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika hali ya kawaida seli ya hamira haina hata ioni moja ya shaba iliyo huru. Yote imeshikwa. Nasi tuna mlango wa jamii hiyohiyo. Jeni yake ya binadamu ilipatikana mwaka 1997 kwa sababu iliweza kuiokoa hamira iliyopoteza mlango wake.

Huko Ufaransa mizabibu imepuliziwa mrututu na chokaa tangu miaka ya 1880, na hamira nyingi za mvinyo leo zina nakala nyingi za jeni ya Cup1. Zilizostahimili ndizo zilizobaki.

Shaba haiozi. Inayodondoka kihambani msimu huu itakuwamo udongoni miaka mingi. Mkulima wa Kibosho, Machame au Marangu, usizidishe kipimo cha dawa, na unapong'oa mibuni mikongwe, ulizia miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, inayostahimili chole buni na kutu ya majani.