Usafi wa Mwaka Muzima: Mupango kwa Nyumba na kwa Duka



Kuna nyumba nyingi hapa Kindu zinazosafishwa vizuri sana mara mbili kwa mwaka: siku za Noeli, na siku muchungaji anapotangaza kwamba atapita kutembelea. Siku hiyo viti vyote vinatoka inje, mapazia yanafuliwa, kuku wanafukuzwa, hata choo kinafagiwa. Mugeni akisha kwenda, siku tatu nyuma, lupango umerudia hali yake ya zamani.

Nyumba ya namna hiyo inasafishwa juu ya macho ya mugeni. Lakini inzi hangoji tangazo la kanisa. Mbu hajui siku ya Noeli. Panya haulizi kama muchungaji amepita. Ndiyo maana mwezi huu ninataka tuzungumuze juu ya kitu kidogo kisichoomba feza nyingi: karatasi moja inayobandikwa kwenye ukuta, yenye siku, kazi na jina la mutu.

USAFI WA AMRI UNAKUFA NA MUKUBWA WAKE

Sisi Wakongomani tunajua usafi wa pamoja. Tangu miaka ya 1970, wakati inchi iliitwa Zaïre, neno salongo limeingia katika kinywa cha kila mutu. Siku ya posho asubui, watu wanatoka na jembe, kupekupe na fagio, wanafungua mifereji na kukata majani. Ni kazi nzuri. Lakini wengi walitoka kwa kuogopa amende. Mukubwa akilegea, na majani yanaota.

Katika machimbo ilikuwa vile vile. Kalima, Punia na kwingineko, kampuni ilikuwa na kambi zake na sheria zake. SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya madini ya Kivu na Maniema, ilikufa katika miaka ya 1990. Siku mwenye kutoa amri anapokwenda, amri inakwenda pamoja naye, na kila mutu anabaki na takataka yake mbele ya mulango.

Tazama pia tarehe 1 Mwezi wa Nane, siku ya wazazi. Asubui tunakwenda kwenye makaburi, tunalima majani, tunapaka chokaa, tunawapa heshima wafu wetu. Hakuna anayetulazimisha, ni mapendo. Basi niulize kwa upole: kama kaburi la baba lina siku yake kwenye kalenda, sababu gani jiko la mama, ambaye angali muzima, halina siku?

HEZEKIA ALIKUWA NA MUPANGO

Fungua 2 Nyakati sura ya 29. Mufalme Hezekia alikuta nyumba ya Mungu imefungwa na imejaa uchafu. Hakusema tu kwamba watu wafanye usafi. Angalia mambo matatu katika sura ile.

La kwanza ni majina. Walawi 14 wameandikwa kwa majina yao, na jamaa zao. La pili ni siku: walianza tarehe ya kwanza ya mwezi wa kwanza, siku ya nane wakafika kwenye baraza, wakaendelea siku nane zingine, wakamaliza tarehe 16. La tatu ni mahali: makuhani walitoa uchafu ndani na kuuweka katika kiwanja, kisha Walawi wakaubeba mpaka inje, kwenye bonde la Kidroni.

Jina, siku, mahali pa kutupa. Mupango wowote wa usafi unaokosa moja kati ya hizo tatu utakufa mbele ya mwezi kuisha.

Na juu ya mahali pa kutupa, sisi watu wa Kindu tuangalie sana. Kasuku na Mikelenge kwa upande mumoja, Alunguli kwa upande mwingine, na Lualaba katikati: muto huu si shimo la takataka. Mwaka 2011 kolera ilianzia Kisangani, ikashuka na muto mpaka ikafika Kinshasa. Na Kindu iko juu ya Kisangani. Kile tunachotupa hapa, wandugu zetu wa chini wanakikuta katika ndoo zao. Sisi vilevile tunakunywa ya wale wa Kasongo na Kongolo. Mwaka 2025 Maniema ilikuwa tena kati ya majimbo yaliyopigwa na kolera. Ugonjwa ule unaweza kuua mutu mukubwa, mwenye nguvu, kwa masaa machache tu. Kwa mutoto ni haraka zaidi.

UCHAFU UNA KALENDA YAKE

Watu wengine wanauliza: kila juma juu ya nini? Si tufanye mara moja kwa mwezi, lakini kwa nguvu? Hapana. Ni uchafu wenyewe unaotupangia siku.

Inzi anaweka mayai katika takataka. Kwa joto kama letu, siku 7 mpaka 10 zinatosha yai kuwa inzi anayeruka. Ukitoa takataka mara mbili kwa juma na kuifukia, unamukata mbele hajapata mabawa. Ukingoja mwezi, umemulea wewe mwenyewe.

Mbu anaweka mayai katika maji yaliyosimama: kopo, gurudumu la zamani, bidoni iliyopasuka. Siku 7 mpaka 14, yule anaruka, anatafuta damu. Kwa hiyo kumwaga maji hayo kunaomba siku moja ya juma, ile ile kila juma.

Kunguni anaficha mayai katika mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Ukitoa kitanda inje leo, ukamwangia maji ya moto, wakubwa watakufa, lakini mayai yaliyobaki yatatoboka kisha juma moja hivi. Basi rudilia nyuma ya siku 10, na tena nyuma ya siku 10 zingine. Wengi wanafanya mara moja, kisha wanasema kwamba dawa ni ya bure.

MUPANGO WA NYUMBA

Kila siku: fagia nyumba na lupango, lakini nyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiingie katika kifua. Osha vyombo mbele ya kulala. Funika maji ya kunywa. Pangusa choo, weka majivu, na angalia kama maji na sabuni za kunawa mikono ziko karibu.

Kila juma: mwaga maji yote yaliyosimama. Osha bidoni za maji ndani, kwa muchanga na sabuni. Toa magodoro kwenye jua. Fua mashuka. Peleka takataka kwenye shimo lililo mbali na kisima, uifukie.

Kila mwezi: sogeza kabati na magunia, fagia nyuma yake. Toa utando wa buibui. Fua chandarua kwa sabuni ya kawaida, si kwa javeli, na ukianike kivulini. Jua kali linaharibu dawa yake. Kama ni chandarua chenye dawa, mara moja kwa miezi mitatu inatosha.

Kwa mwaka, tufuate mvua. Hapa kwetu mvua inapungua Mwezi wa Sita mpaka wa Nane. Huo ndio wakati wa kazi kubwa. Wanafunzi wako kwenye likizo, udongo umekauka, maji ya chini yameshuka. Chimba choo kipya wakati huo, mita 30 au zaidi kutoka kisima. Israeli pia waliagizwa kuwa na kitu cha kuchimbia na kufukia uchafu wao inje ya kambi (Kumbukumbu 23:12-13). Tengeneza paa, ziba nyufa za ukuta, paka chokaa.

Mwisho wa Mwezi wa Nane, mbele mvua hazijarudi, fungua mifereji yote inayozunguka lupango. Mwezi wa Kumi na Mbili, angalia tena mifereji na choo kama vimeshimama mbele ya mvua. Mwezi wa Tatu, toa vitu vyote vya nguo na vitabu kwenye jua, kwa sababu unyevu unaleta ukungu. Hata Walawi 14:33-53 inaonyesha kuhani akiingia katika nyumba kuangalia madoa ya ukuta. Kuta za nyumba pia zilikuwa jambo la kiroho kwa watu wa Mungu!

KWA WATU WA MACHIMBO

Baba, kijana, wewe unayerudi kutoka shimo: vumbi la mawe unalobeba kwenye nguo linaingia katika kifua cha mutoto anayekukimbilia. Vua nguo za kazi inje, ziweke katika gunia lake, zifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mutoto muchanga. Nawa, kisha mubebe mutoto.

Kwa wale wa zahabu, neno la nguvu: usichome zebaki ndani ya nyumba, wala katika jiko, wala katika chumba cha duka. Moshi wake hauonekani vizuri na hauna harufu ya kukuonya, lakini unaharibu ubongo, na zaidi kwa mutoto na kwa mimba. Sufuria iliyogusa zebaki isipikiwe tena, hata ukiisugua siku nzima. Na zebaki ikimwangika, usiifagie kwa fagio. Fagio inaipasua vipande vidogo na kuitawanya. Toa watoto, fungua milango na madirisha, kusanya matone kwa karatasi ngumu, yaweke katika chupa yenye maji na kifuniko.

MUPANGO WA DUKA

Mufanya biashara, mutu anayeingia katika duka lako anasoma sakafu mbele ya kusoma bei.

Kila asubui, anayefungua ndiye anafagia, mpaka kwenye mufereji wa mbele. Kila jioni, pangusa kilo na meza. Kila juma, inua magunia ya mchele na sukari: yakae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili panya asipate barabara ya siri. Kila mwezi, kazi ya kuhesabu mali iende pamoja na usafi: ukitoa kila kitu kwenye rafu, utajua kilichobaki na utaona kilichopita tarehe yake. Weka cha zamani mbele, kipya nyuma. Mara moja kwa mwaka, wakati wa jua, funga siku moja, toa vyote, paka ukuta.

Mwenye kuuza chakula: ubao wa nyama na ubao wa mboga visiwe kimoja. Kinyozi: wembe mumoja, mutu mumoja. Mwenye garage ya moto: mafuta ya zamani yaingie katika bidoni, yasimwagwe chini, kwa sababu mvua itayapeleka kwenye kisima cha jirani.

Na wote munaotumia javeli: musiichanganye kamwe na siki wala na dawa zingine za kusafishia. Inatoa hewa ya sumu.

JINA LA NANI LIKO KWENYE KARATASI?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika nyumba nyingi za wakristo, karatasi ya usafi ingekuwa na jina moja tu: la binti. Au la mutoto yatima aliyeletwa kutoka kijijini. Anaamka mbele ya wote, anateka maji, anafagia, anaosha vyombo, anafika masomoni akichelewa na akisinzia. Kaka yake anakwenda kucheza mupira. Mwisho wa mwaka binti anashindwa mitihani, na sisi tunasema kwamba hana akili.

Wandugu, hiyo si usafi. Sakafu inang'aa, lakini haki imechafuka. Kati ya Walawi wale 14 hakukuwa mumoja aliyebebeshwa kazi ya wote. Andikeni majina yote: baba mufereji, kijana maji na choo, binti vyombo siku mbili, mudogo kuokota makopo. Mama apumzike siku moja, na siku hiyo iandikwe pia.

Siku ya posho inayokuja, nyuma ya sala ya asubui, chukueni karatasi na kalamu, mukae pamoja, muzungumuze maswali haya:

1. Katika nyumba yetu, nani anafanya kazi zaidi ya wengine?
2. Takataka yetu inaishia wapi, na nani anakunywa maji ya chini yake?
3. Kazi gani tunangoja mugeni ili tuifanye?
4. Tarehe gani tutaanza, na nani atashika karatasi?

Kisha andikeni jina la kwanza. Ninashauri liwe la baba.