Punguzo la shilingi gani? Msimbo wa QR kwenye duka la mpakani

Na Mwandishi Wetu

Bandika bango mbele ya duka lako pale Namanga, uandike kwa herufi kubwa: PUNGUZO SHILINGI 500. Kabla ya saa nne asubuhi utakuwa na kesi. Mteja aliyetoka upande wa Kajiado atadai shilingi 500 za Kenya, nawe ulikusudia za Tanzania, ambazo kwake hazifikii hata nauli ya bodaboda. Wote wawili mnasema shilingi, wote wawili mnasema Kiswahili, na hakuna anayedanganya.

Ndivyo ilivyo biashara ya mpakani. Wateja wako wana sarafu mbili na laini mbili za simu, na wengi wao ni wapita njia. Anashuka kwenye basi la Nairobi kwenda Arusha, anagongewa pasipoti, anapanda tena. Ukimkosa katika dakika hizo ishirini, umemkosa mpaka safari nyingine. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini hawakumwona abiria ambaye dereva wake anapiga honi.

Njia moja ya kumfikia mtu huyo ni msimbo wa QR, yaani kile kimraba chenye madoa meusi na meupe ambacho mteja anakielekezea kamera ya simu. Wengi tunakijua kwa malipo. Kinaweza pia kubeba punguzo: mteja anaskani, anapata neno au ujumbe, anauonyesha dukani na kupunguziwa bei. Kukitengeneza hakuna gharama kubwa. Gharama iko kwenye lile punguzo lenyewe, na hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapoumia bila kujua.

Kilitoka kiwandani

Msimbo huu ulibuniwa Japani mwaka 1994 na mhandisi Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso, iliyokuwa ikishughulikia vipuri vya magari. Wafanyakazi walichoka kusoma misimbo ya mistari mingi kwenye boksi moja, kwa sababu kila mmoja ulibeba herufi chache tu. Msimbo wa QR unaweza kubeba tarakimu hadi 7,089. Vile vimraba vitatu vya pembeni huiambia kamera upande upi ni juu, hata ukiuskani kichwa chini.

Mambo mawili yaliufikisha dukani kwako. Kwanza, kampuni hiyo ilikuwa na hataza lakini haikudai malipo kwa watumiaji, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuutengeneza bure. Pili, ulibuniwa ustahimili uchafu wa kiwandani. Ukichagua kiwango cha juu cha usahihishaji, msimbo unasomeka hata kama karibu asilimia 30 yake imechafuka au kuchanika. Kwa vumbi letu la mpakani, hilo si jambo dogo.

Hesabu ya mashuka 40

Tuchukue mfano. Unauza mashuka ya Kimasai. Unanunua kwa shilingi 16,000 za Tanzania na kuuza kwa 20,000, faida 4,000. Kwa wiki unauza 30, faida yako ni 120,000.

Unaamua kutoa punguzo la asilimia 10. Bei sasa ni 18,000 na faida imeshuka hadi 2,000. Angalia vizuri: bei imepungua kwa sehemu moja ya kumi, lakini faida imekatika nusu. Ukimpa kila mteja punguzo hilo, utahitaji kuuza mashuka 60 ili urudi pale pale ulipokuwa.

Sasa unabandika msimbo kaunta, mbele ya macho ya kila anayeingia. Wiki inaisha umeuza mashuka 40. Duka limechangamka, nawe unajipongeza. Lakini kati ya hayo 40, mashuka 25 yameuzwa kwa msimbo na 15 kwa bei kamili. Faida: 25 mara 2,000 ni 50,000, na 15 mara 4,000 ni 60,000. Jumla 110,000. Umeuza mashuka kumi zaidi na umepata shilingi 10,000 pungufu.

Zimekwenda wapi? Kati ya mashuka 25 yaliyouzwa kwa msimbo, kumi tu yalinunuliwa na wateja wapya. Mengine 15 yalinunuliwa na watu wale wale wa kila wiki, waliokuja na pesa mkononi, wakaona msimbo na kuuskani. Hukuwavutia, ulichofanya ni kuwarudishia chenji ambayo hawakuidai.

Tuseme sasa msimbo umeuondoa kaunta, ukaupeleka stendi na upande wa pili wa mpaka. Unauza mashuka yale yale 40. Wateja wapya wananunua kumi kwa punguzo. Wateja wa zamani waliouona huko wananunua manne kwa punguzo, na 26 yaliyobaki yanauzwa kwa bei kamili. Faida: 26 mara 4,000 ni 104,000, na 14 mara 2,000 ni 28,000. Jumla 132,000.

Punguzo halikubadilika, wala idadi ya mashuka. Tofauti ya shilingi 22,000 kwa wiki imetokana na mahali stika ilipobandikwa.

Upeleke kwa asiyekujua

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: msimbo wa punguzo ukae pale alipo mtu ambaye hajaamua kuja kwako. Stendi ya mabasi, mgahawa wanapokula madereva wa malori, saluni, nyumba ya kulala wageni, kibanda cha wakala wa pesa upande wa pili. Mwombe mwenye eneo ruhusa, na ikibidi mpe kitu kidogo kwa kila mteja anayetoka kwake.

Mteja wa kudumu naye anastahili heshima yake, lakini kwa njia nyingine. Mpe kikaratasi chenye msimbo baada ya kulipa bei kamili, kitumike safari ijayo na kiwe na tarehe ya mwisho. Hapo punguzo linanunua safari ya pili.

Kanuni ya pili: andika asilimia, usiandike shilingi. Asilimia 10 ni ile ile kwa shilingi ya Kenya, ya Tanzania, ya Uganda na kwa faranga. Kiwango cha kubadilisha fedha kikipanda au kushuka kesho, tangazo lako halitakuingiza hasara wala ugomvi. Ni vizuri pia kuweka kiasi cha chini cha ununuzi, kwa mfano kuanzia mashuka matatu, ili punguzo limfuate anayebeba mzigo.

Namna ya kuutengeneza

Huhitaji tovuti. Njia rahisi kwa duka dogo ni kiungo cha WhatsApp. Kinaanza na wa.me, kisha mkwaju, kisha namba yako kamili ikianza na 255, 254, 256 au 250 kulingana na nchi, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mwishoni ongeza ?text=STENDI. Kiungo hicho kiingize kwenye programu yoyote ya bure ya kutengeneza misimbo ya QR. Mteja akiskani, WhatsApp yake inafunguka na neno STENDI likiwa tayari limeandikwa. Anabonyeza kutuma, basi.

Faida yake ni kwamba unajua katoka wapi. Tengeneza msimbo wa pili wenye neno MGAHAWA, na wa tatu wenye neno SALUNI. Kwa kuwa ujumbe unatoka kwenye namba ya mteja mwenyewe, kila namba unaitiki mara moja tu daftarini. Picha ya msimbo ikisambazwa kwenye makundi, mtu mmoja hatachukua punguzo mara tano.

Kuna mitego michache. Baadhi ya programu hutoa msimbo unaopitia kwanza kwenye mtambo wao. Muda wa majaribio ukiisha, stika zako zote zinakufa mpaka ulipe. Chagua aina isiyobadilika, ambayo kiungo chako kimo ndani ya msimbo wenyewe. Chapisha kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe na uache ukingo mweupe pande zote nne. Kwa ukubwa, gawanya umbali kwa kumi: mtu akisimama mita moja, msimbo uwe na sentimita kumi. Kabla ya kuchapisha nakala 50, jaribu kwa simu ya bei nafuu kuliko zote unazoweza kuazima.

Kumbuka pia kwamba mteja akivuka mpaka, bando lake huenda lisifanye kazi, na wengine wana kitochi. Chini ya msimbo andika neno lenyewe kwa herufi kubwa: "Taja STENDI dukani upate asilimia 10." Asiye na intaneti naye ni mteja.

Risiti iseme ukweli

Kwa mnunuzi anayevusha mzigo, punguzo linagusa forodha. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huanza na bei iliyolipwa kweli. Kwa hiyo anayepewa punguzo anahitaji risiti inayoonyesha bei baada ya punguzo, vinginevyo atatozwa kwa fedha ambayo hakuilipa. Muuzaji toa risiti ya mashine, iwe EFD Tanzania au eTIMS Kenya. Nayo ina msimbo wake wa QR ambao mtu yeyote anaweza kuuhakiki.

Kinyume chake ni kosa. Mteja akikuomba uandike "punguzo" la uongo ili thamani ishuke, kataa, maana jina lililo juu ya risiti ni lako. Na punguzo halibadilishi asili ya bidhaa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, wenye cheti cha uasili kilichorahisishwa, ni kwa bidhaa za nchi wanachama zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Kitenge kilichotengenezwa China kinabaki cha China hata ukikiuza kwa nusu bei.

Wezi wa stika

Januari 2022, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu matapeli wanaobandika misimbo yao juu ya misimbo halali. Wiki chache kabla, mamlaka huko Texas zilikuwa zimekuta stika bandia kwenye mashine za kulipia maegesho ya magari. Aliyeskani alifikiri analipia maegesho, kumbe anampa tapeli taarifa zake.

Stika ni karatasi, na karatasi hubandikwa juu ya karatasi popote duniani. Pita kwenye vituo vyako kila wiki na uskani mwenyewe. Msimbo wa malipo ukae kaunta chini ya macho yako, mbali na ule wa punguzo, wateja wasichanganye. Kenya na Tanzania kila moja ina kiwango chake cha taifa cha misimbo ya malipo, kwa hiyo usidhani mteja wa ng'ambo ataweza kulipa kwa msimbo ulionao. Muulize kwanza.

Namba za simu unazokusanya nazo ni amana. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Mtu aliyetuma STENDI kapokea punguzo la shuka, hajakuruhusu kumtumia matangazo kila alfajiri. Mwombe ruhusa, na akisema hapana, futa.

Jumamosi jioni

Mali bila daftari hupotea bila habari, na punguzo bila daftari hupotea haraka zaidi. Kila Jumamosi ukifunga duka, hesabu mambo matatu: kila neno limeleta wateja wangapi, wangapi kati yao ni wapya, na faida ya wiki ni kiasi gani ukilinganisha na wiki isiyo na punguzo.

Kama STENDI imeleta kumi na SALUNI haijaleta hata mmoja, ing'oe ya saluni ukaijaribu kwingine. Kama wateja wameongezeka lakini faida imeshuka kwa wiki tatu mfululizo, ng'oa zote na urudi kwenye bei yako. Stika inang'oka kwa ukucha. Mtaji ukishaondoka, si rahisi kuurudisha.