Unafungua intaneti kafe? Usiangalie bei ya laini tu

Wafanyabiashara wenzangu, piga hesabu kwanza. Laini ya Mbps 20 ikitumiwa na kompyuta 10 kwa pamoja, kila moja inapata kama 2 tu. Mteja anayetuma maombi ya chuo siku ya mwisho akikwama kwako, harudi tena.

Mimi kabla ya kulipia nauliza hivi:

1. Kasi ya kupandisha mafaili ni ngapi? Mara nyingi wanatangaza ya kushusha tu, na picha za bidhaa zako zinategemea ya kupandisha.
2. Kifurushi kina kikomo?
3. Laini ikikatika, fundi anafika baada ya muda gani?

Faiba ikiwa imefika mtaani kwenu, anza nayo. Weka na rauta ya laini ya simu kama akiba.