Harufu ya Mkaa Ikiisha, Sumu Bado Ipo

Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani kupasha joto hunuka, na kila baridi ya Juni hadi Agosti, kuanzia Makete na Njombe hadi Limuru na Nyahururu, swali huwa lile lile: lifanyweje lisinuke? Majibu ya mitaani yanajulikana: moshi uachwe uishie nje, sufuria ya maji iwekwe kando, chumvi irushwe kwenye makaa, yachomwe maganda ya machungwa au ubani. Swali hilo limewagharimu watu maisha, kwa sababu kinachonuka sicho kinachoua.

Harufu hutokana na vipande visivyoiva tanurini, mkaa ulioloa, na mafuta ya taa au mifuko ya plastiki ya kuwashia. Vitu hivyo huungua mapema, jiko likabaki jekundu bila moshi. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Imani kwamba moto ukishakolea mkaa hauna tena sumu ni ya uongo, na lazima iachwe. Hewa inayoingilia chini ya jiko huunguza mkaa na kuwa kaboni dioksaidi. Inapopanda katikati ya makaa ya moto, sehemu yake hugeuka kaboni monoksaidi. Vimiali vya buluu vinavyoonekana juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Vikizimika na majivu yakatanda, gesi huendelea kutoka bila kuungua. Jiko la namna hiyo ndilo huitwa safi, likaingizwa ndani na mlango ukafungwa, bila hata moshi wa kumwasha macho aliyelala akaamka.

Sufuria ya maji haisaidii, kwani gesi hii haiyeyuki majini ila kwa kiasi kidogo mno. Chumvi haiigusi. Maganda na ubani hufunika harufu tu. Kulala kitandani badala ya sakafuni hakumwokoi mtu, maana uzito wa gesi hii unakaribiana na wa hewa, nayo huenea chumba kizima. Kisha kuna maziwa, yanayokimbiliwa kila mtu anapozidiwa. Sumu hii haiko tumboni. Imepita mapafuni na kushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Maziwa hayawezi kuiondoa huko, na kumnywesha aliyepoteza fahamu ni kumpalia.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, hivyo wengi hudhani ni malaria. Wa chumba kimoja wakiugua pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, jiko lishukiwe kwanza. Mgonjwa atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali, na mhudumu aambiwe kuhusu jiko: kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni hakitofautishi gesi hii na oksijeni, hivyo huweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Tiba ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, gesi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi, kwa saa 1 hadi 1 na nusu.

Kuhusu harufu yenyewe: ununuliwe mkaa mkavu unaolia ukigongwa, uwashwe nje kwa vibanzi vikavu. Ukipikia ndani, mlango na dirisha viwe wazi. Kuhusu joto: blanketi, soksi, chupa ya maji ya moto iliyokazwa kifuniko, hita ya umeme kwa anayeimudu, au jiko lenye bomba la moshi linalotokea nje ya paa. Hita ya gesi nayo inataka dirisha wazi. Jiko la mkaa, hata lililofunikwa majivu, lilale nje.