Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Katika mji wa Bukavu, uliojengwa juu ya vilima na rasi za kusini mwa Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, pikipiki ndiyo impandishayo mchuuzi na mizigo yake kutoka soko la Kadutu, na ndiyo imfikishayo mgonjwa hospitalini gari zinapokosekana. Nyingi katika pikipiki hizo zimekwisha kula chumvi nyingi, na maradhi yanayozisumbua aghalabu hutokana na umeme: honi hufifia, taa za ishara huacha kupepesa, na alfajiri demareri, yaani mota ya kuwashia, hainyanyui injini, hata motari, mwendesha pikipiki, hana budi kupiga kiki mpaka jasho limtoke. Hapo wengi hukimbilia kununua betri mpya, nayo baada ya muda mfupi hufa kama ile ya kwanza, kwa sababu iliyotupwa ilikuwa imedhulumiwa tu, ilhali mkosaji wa hakika amebaki palepale alipokuwa.

Ili kumjua mkosaji huyo, yafaa kwanza kufahamu safari ya umeme wenyewe. Mwaka 1831 mtaalamu Mwingereza Michael Faraday alidhihirisha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliosokotwa huzaa umeme ndani yake. Na ndivyo ilivyo ubavuni mwa injini, ambako sumaku huzungushwa na mhimili kandokando ya koili za shaba. Umeme huo ni wa mkondo geu, wenye kupanda na kushuka kwa kadiri ya mwendo wa injini, wala betri haiwezi kuupokea hivyo. Kwa hiyo hupitishwa katika regileta, kijisanduku chenye mapezi ya kupozea joto, kiugeuzacho kuwa mkondo mnyoofu na kuuzuia usizidi kiasi. Betri basi ni mtungi tu: mtungi ukiwa mkavu, mwenye akili huutazama mfereji pia.

Uchunguzi na uanze katika lililo jepesi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa huonyesha kwenye mita ya umeme volti 12.6 au zaidi; ikiwa chini ya 12.4, ni wajibu kuichaji kwanza, kwani betri tupu huvuruga vipimo vyote vifuatavyo. Ikiwa ni ya kuongezwa maji, iongezwe yale yaliyotoneshwa peke yake, pasipo tindikali, na unga mweupe ulioota katika vichwa vyake usuguliwe mpaka risasi ing'ae.

Kisha injini iwashwe, na mita iwekwe kwenye vichwa vya betri huku mafuta yakiongezwa taratibu. Katika mwendo wa wastani, mita yapaswa kusoma baina ya volti 13.8 na 14.5 katika pikipiki nyingi. Isipovuka 13, chaji haifiki; ikipita 15, regileta imeshindwa kuzuia, na hapo ndipo balbu hukatika na maji ya betri huchemka. La kuhadhari sana ni ile desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma ili kujaribu chaji, maana volti huruka ghafula na kuunguza vilivyokuwa vizima.

Chaji isipofika, mkono usikimbilie regileta kabla ya jicho kukagua soketi inayoiunganisha na koili. Ichomolewe, itazamwe kwa tochi: mara nyingi plastiki yake imegeuka kahawia kwa joto, na ndani yake shaba imeota kutu ya kijani kwa mvua na tope. Soketi ikiwa hivyo, ibadilishwe, na waya wa masi, uunganishao mfumo wa umeme na bodi, ukazwe kwenye chuma kisicho na rangi. Soketi ikiwa safi, koili zipimwe zikiwa zimetengwa: waya zake zisigusane kamwe na bodi ya injini, ila zile ambazo kiwanda kimezifunga kwenye masi kwa makusudi, na injini iwashwapo, volti za mkondo geu zipande kadiri mwendo unavyoongezeka. Koili zikifaulu mtihani huo na waya zote ni nzima, hapo ndipo regileta yastahili kulaumiwa.

Lakini pengine mtambo mzima hauna ila, na kosa ni la matumizi. Motari anayepanda kutoka Nyawera, mjini Bukavu, kwa mwendo wa pole katika msongamano, huku amefunga taa za ziada na kuchajia simu, hutumia umeme mwingi kuliko unaozalishwa. Tena, katika pikipiki ndogo za zamani, taa ya mbele mara nyingi hulishwa na koili moja kwa moja. Ikififia injini inapopoa mwendo, hilo peke yake si dalili ya ubovu.

Mita ya kawaida huuzwa kwa thamani ndogo kuliko betri moja. Lau wamotari wa maegesho mamoja wangechangishana kuinunua, na mmoja wao akajifunza kuitumia sawasawa, wangeepuka israfu ya kununua wasichokihitaji. Na abiria, ashukaye vilima vile usiku kwa kutegemea taa ya mwenziwe, angesafiri kwa amani zaidi.