Maktaba chini, nyumba juu: hati itakuwa ya nani?

Ingia kwenye geto la mwanafunzi wa shule ya kata, Shinyanga au Geita. Ni chumba cha kupanga jirani na shule, kwa kuwa kwao ni mbali. Godoro liko chini, ndoo ya maji kando, jiko la mkaa mlangoni, na madaftari yamepangwa juu ya begi la nguo. Usiku anasoma kwa tochi ya simu huku jirani kafungulia muziki hadi bati linatetemeka. Mtoto huyu hana pa kulala pa maana, wala pa kusomea.

Ndiyo maana wazo la kujenga upya maktaba ya umma na kuweka nyumba juu yake halinishtui. Walimu wetu wanaishi ndani ya viwanja vya shule tangu zamani, waganga kwenye zahanati. Kule Mwadui, mgodi wa almasi ulijenga nyumba, shule na hospitali pamoja.

Walioshtuka ni wakazi wa Inwood, New York. Maktaba yao ilivunjwa ili ijengwe mpya chini ya nyumba 174 za kodi nafuu. Wengi walipinga: tutasoma wapi ujenzi ukiendelea, na hizo nyumba nafuu ni nafuu kwa nani? Jengo likakamilika hata hivyo, na maktaba ikafunguliwa mwaka 2024. Chicago ilikuwa imetangulia, ikafungua maktaba tatu za aina hiyo mwaka 2019.

Swali la pili la Inwood ndilo letu. Mtanzania hajasahau kwamba kuanzia mwaka 2002 serikali iliuza nyumba zake kwa watumishi, na nyingine zilikuwa kwenye viwanja vya thamani katikati ya miji. Kwa hiyo ukimwambia mkazi wa Kahama kwamba juu ya maktaba patakuwa na nyumba, haulizi ghorofa ngapi. Anauliza hati itaandikwa jina la nani. Namwelewa kabisa.

Fedha zinaweza kupatikana migodini. Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaitaka migodi ipange miradi ya kijamii kila mwaka pamoja na halmashauri. Tatizo ni kwamba madarasa na zahanati vina wa kuvipigia debe, maktaba haina.

Ningekuwa diwani, ningeafiki kwa masharti. Kiwanja kibaki mali ya umma na kisiuzwe wala kuwekwa rehani. Ghorofa ya chini isigeuzwe maduka, hata kodi ya maduka ikinona vipi. Vyumba vya juu viwe kwanza bweni la wasichana wanaoishi mageto, kabla mtumishi yeyote hajapewa. Na maktaba isifungwe jioni wakati wanafunzi ndiyo kwanza wametoka shule. Saa tatu usiku, taa ziwe bado zinawaka.