Sumu iliyo kwenye chupa ya soda

Saa mbili usiku mama mmoja aliingia mapokezi mbio, mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwa begani. Mtoto alikuwa anakohoa na kupumua haraka, na nguo zake zilinuka mafuta ya taa. “Daktari, nimeshampa maziwa, na bibi yake amemtapisha,” alisema, akiamini kwamba nusu ya kazi yangu ameshaimaliza.

Sikumlaumu. Ndivyo wengi wetu tulivyolelewa kuamini: aliyekunywa sumu apewe maziwa, kisha atapishwe. Lakini kwa mafuta ya taa, kutapisha ndiko kunakoleta hatari kubwa. Mafuta haya ni mepesi, yakipanda tena kooni hupenya kirahisi kwenye njia ya hewa na kuingia kwenye mapafu, yakayajeruhi. Mtoto yule alikaa wodini siku sita, kadhaa kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Alipona. Wapo niliowapokea ambao hawakupona.

Nilimuuliza mama mafuta yalikuwa yamewekwa wapi. “Kwenye chupa ya soda, chini ya meza,” alijibu. Mtoto anayejua kwamba kwenye chupa ile hutoka kitu kitamu hakufanya kosa lolote. Kosa ni letu wakubwa. Nasema letu kwa sababu hata mimi, daktari, nilikuwa na jiki kwenye chupa ya maji jikoni kwangu. Niliiondoa usiku ule ule.

Kwa nini mtoto huumia zaidi?

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mtoto mchanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika, wakati mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Hivyo kwa uzito wake, huvuta hewa nyingi zaidi yetu, pamoja na kilichomo ndani ya hewa hiyo. Hutambaa sakafuni, ambako vumbi na mabaki ya dawa za wadudu hutua, kisha mkono huenda mdomoni. Ubongo na mapafu yake bado vinajengwa.

Jiko la mkaa chumbani

Katika mikoa yenye baridi kama Njombe na Mbeya, na hata kwingine mama anapokuwa kwenye arobaini, wengi huingiza jiko chumbani ili mtoto apate joto. Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki, na haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hung’ang’ania chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa oksijeni huku mtu akidhani amelala usingizi mzuri.

Mkaa usiotoa moshi, au uliobaki makaa mekundu tu, bado hutoa gesi hii. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mjamzito na mtoto aliye tumboni wako kwenye hatari kubwa zaidi. Mkimkuta mtu katika hali hiyo, fungueni milango na madirisha, mtoeni nje haraka, kisha mpelekeni hospitali.

Mtoto mchanga hupashwa joto vizuri zaidi kwa kulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na soksi, na wote wawili wakiwa wamefunikwa blanketi.

Moshi wa kupikia nao si mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano. Kama gesi bado haijawezekana kwako, pika nje au kwenye jiko lenye upenyo wa hewa, tumia kuni zilizokauka, na usipike huku umembeba mtoto mgongoni.

Dawa za mbu, mende na panya

Tunataka kumkinga mtoto na malaria, na ni sawa. Lakini dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara, inatoa moshi mwingi kuliko tunavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa duara moja likiisha kuungua huweza kutoa chembe laini za moshi sawa na zile za sigara 75 hadi 137. Chandarua chenye dawa humkinga mtoto bila kumvutisha moshi. Ukipuliza dawa ya mende, mtoe mtoto kwanza, fungua madirisha, na futa sakafu kabla hajarudi kutambaa.

Dawa za kupimiwa mitaani kwenye vichupa visivyo na lebo usizinunue kabisa. Mtoto akizinywa, hatujui tunapambana na sumu gani, na kila dakika ina thamani.

Wanja, krimu na rangi

Baadhi ya wanja zina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo taratibu bila homa wala maumivu. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Najua bibi atasema, “Mbona wewe nilikupaka na umekuwa daktari?” Mjibu kwa heshima: “Bibi, nipake mimi, mtoto tumwache.” Jihadhari pia na rangi ya zamani inayobanduka ukutani, na betri chakavu za gari. Visifike mikononi mwa watoto.

Kwa mama anayenyonyesha, baadhi ya krimu za kung’arisha ngozi zina zebaki. Hupita kwenye ngozi, huumiza figo, na humfikia mtoto kupitia maziwa na kugusana. Krimu isiyotaja viambato vyake, iache dukani.

Ikitokea ajali

Mtoto akinywa mafuta ya taa, jiki au dawa ya chooni, usimtapishe. Jiki na dawa ya chooni huunguza koo zikishuka, zikipanda huliunguza tena. Usimpe maziwa, maji ya chumvi, mafuta wala yai bichi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Sumu ikiingia jichoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Kisha mpeleke kituo cha afya, hata kama anaonekana mzima, na uchukue chombo chenyewe tukione. Dalili za mafuta ya taa huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Mama yule alirudi kliniki baada ya wiki mbili. Hakuwa na fedha za kununua kabati. Mumewe alipigilia ubao juu, karibu na dari, na mafuta sasa yako kwenye dumu lenye mfuniko wa kukaza, lililoandikwa kwa kalamu nene: SUMU. Aliniambia majirani wawili wameshaiga.

Leo, kabla hujalala, pita jikoni na uvunguni mwa kitanda. Piga magoti hadi macho yako yawe kwenye usawa wa macho ya mtoto. Chochote chenye sumu utakachokifikia kwa mkono kutoka hapo, naye atakifikia. Kipandishe juu.